Thelathini ya Shaabani

Hindi lilikuwa la moto, limepakwa ndimu na pilipili, na Naima alilitafuna kwa pupa ya mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu usiku wa jana. Mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka wala mwisho, ilikuwa ikidondoka juu ya turubai la bibi Esnath kando ya stendi. Begi la Naima lilikuwa miguuni pake. Ndani yake mlikuwa na viatu vya harusi ambavyo hajavijaribu, na barua moja iliyopigwa muhuri ambayo hajamwonyesha mtu.

Bibi Esnath aligeuza mahindi juu ya jiko, akamtazama mteja wake kwa chini chini.

"Naima, mwana wa fundi Sadalla," alisema. "Wewe leo hufungi?"

"Nifunge nini, bibi? Ramadhani kesho."

"Kesho?" Bibi aliacha mahindi yaungue. "Mbona kina Suberi wamefunga? Tangu asubuhi sijauza hindi hata moja kwa mtu wa kwao. Lamadhani imeingia jana jioni, mwanangu. Wanasema mwezi umeonekana huko Alabuni."

Naima alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la darasani, lenye kiburi kidogo, na ninalitaja kwa sababu lilikuwa la mwisho kwa siku ile.

"Haukuonekana, bibi. Jana jua lilipozama mwezi ulikuwa na saa tatu na kitu tu tangu uzaliwe. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona mwezi wa saa tatu. Hata darubini haiwezi."

"Mimi Mmolavian, mtu wa kanisa, hayo siyajui." Bibi Esnath alifuta mikono kwenye kanga, na sauti yake ikashuka. "Ila pole na msiba, mwanangu."

"Msiba gani?"

"Hujaambiwa? Mama yake Suberi. Amefaliki alfajili ya leo. Wanamzika baada ya sala ya saa kumi."

Hindi lilimponyoka Naima likaanguka kwenye tope. Alilitazama pale chini kana kwamba ndilo lililosema.

Leo ilikuwa siku ya harusi yake.

Wasiojua wacha niwaeleze. Naima Sadalla, mzaliwa wa mtaa wa Bulyaga, alikuwa mtafiti wa astronomia mwenye shahada ya uzamivu, naye alikuwa akifanya kazi Afrika Kusini kwa mikataba ya miaka miwili miwili. Pale mtaani walimwita mnajimu, na wapo waliomnyooshea viganja awasomee bahati. Yeye alichunguza makundi ya nyota yaliyo mbali mno, hafifu kiasi kwamba mbalamwezi ikitoka tu yanafutika. Kwa hiyo usiku wake wa kazi ulikuwa ule wa giza, mwezi unapokufa. Na darubini kubwa haina mwenyewe. Unaiandikia maombi, kamati inakaa, unapewa usiku mbili au tatu kwa mwaka mzima, na wingu likitanda imekula kwako.

Sasa tazama balaa la kazi hiyo kwa binti wa Kiislamu. Mwezi ukifa ndipo darubini inamwita, na mwezi ukizaliwa ndipo Ramadhani inaingia, ndipo Idi inaswaliwa, ndipo watu wanapangiana ndoa. Kila nyumbani walipokuwa wakiinua macho kuutafuta mwezi, Naima alikuwa mbali, kwenye mlima mkavu, akishukuru kwamba haupo. Miaka sita Zuber, mchumba wake, yule ambaye bibi Esnath alimwita Suberi, aliswali Idi bila kumwona. Miaka sita alimsubiri, watu wakamcheka, naye akasubiri.

Mwaka huu Bi Zakia, mama yake Zuber, alilazwa hospitali ya Igogwe kwa ugonjwa wa ini, akarudishwa nyumbani akiwa mifupa mitupu. Akamshika mwanawe mkono, akamwapisha: "Ramadhani isinikute hujaoa." Zuber akaapa. Akampigia Naima, wakachagua siku. Naima alikuwa amepewa usiku mbili za darubini, Jumapili na Jumatatu. Akapiga hesabu zake, akasema kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake: "Jumatano itakuwa thelathini ya Shaabani. Nitafika Jumatano mchana, tutafunga ndoa jioni, na Alhamisi tutaamka na daku."

"Njoo Jumanne, mpenzi," Zuber alimwomba. "Kwetu tunafuata mwezi ukionekana popote duniani. Watu hawafuati kompyuta."

"Hautaonekana popote, Zuber. Niamini."

Naye akamwamini.

* * *

Mzee Sadalla alikuwa barazani kwake, mbele ya cherehani. Babu yake alikuja nayo kutoka Lindi, na watu wa Bulyaga kwa vizazi vitatu wamevaa kilichopita chini ya sindano ile. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha chai kisichoguswa. Juu ya meza lilitandazwa gauni la hariri ya kijani, limekamilika lote isipokuwa upindo wa chini, uliokuwa umeshikwa na pini ukisubiri urefu wa viatu.

Siku zote mzee alikuwa akinyanyuka binti yake akiingia, hata kama mguu umemfia ganzi. Leo hakunyanyuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika."

"Nimesikia ya Bi Zakia. Innalillahi. Masikini Zuber wangu." Naima alitua begi, akavua mtandio uliolowa. "Basi harusi tuiache, baba. Tuzike kwanza, tumalize matanga. Nimesubiri miaka sita, sitashindwa wiki."

"Kaa chini, mwanangu."

"Nimekaa tangu Cape Town. Nataka kwenda kwake."

"Kaa, Naima."

Akakaa. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena, akaivua tena.

"Zuber ameoa," alisema.

Mvua ilinyesha. Jirani alikuwa akitwanga kitu, na kinu kiligonga mara nyingi.

"Ameoa nini?"

"Jana, baada ya magharibi, pale kitandani kwa mama yake. Amemuoa Nahla, yule binti wa Kyimo aliyekuwa akimwosha na kumlisha mgonjwa. Ami yake Nahla alikuwepo, akaozesha. Saa mbili usiku wakatangaziwa mwezi. Alfajiri mama akakata roho."

"Jana ilikuwa ishirini na tisa!"

"Kwetu tunangoja mwezi wa hapa, leo ni thelathini, na mimi sijafunga. Kwao leo ni mosi. Ukivuka ule mfereji wa kwenda kwao tu, Shaabani imekwisha."

Naima alishika kichwa. Akacheka, kicheko kibaya, kisha akaanza kulia bila kujua ni saa ngapi kicheko kilikoma. "Mbona hakuningoja, baba? Siku moja! Miaka sita angoje, ashindwe siku moja?"

"Alikuja hapa."

"Nani?"

"Zuber. Jana, saa tisa alasiri. Mama yake alikuwa amemwambia, jua la leo nitaliona likizama, la kesho sijui. Alisimama hapo ulipokaa. Alishika cherehani hii kwa mikono miwili, Naima. Akaniambia, 'Mzee, ndoa haihitaji bibi harusi awepo. Wewe ndiye walii wake wa kumwozesha. Mpigie simu, akisema ndiyo, niozeshe sasa hivi, mama yangu aione.'"

Naima aliacha kulia. Alijua kinachofuata, na alitamani ardhi ya Bulyaga immeze kabla hakijasemwa.

"Nilikupigia mara tatu. Yeye mara kumi na moja. Simu imezimwa."

Alikuwa amelala. Baada ya usiku mbili macho makavu mbele ya darubini, alifunga mapazia meusi kama wafanyavyo wote kwenye ule mlima, akazima simu, maana mchana wa huko ndio usiku wao. Hodi ya dereva ilimwamsha jua la Tukuyu likiwa limeshazama. Alikuta simu zile zote. Zuber hakupokea, na baba alisema maneno mawili tu, "Njoo salama." Naima akadhani mpenzi wake amekasirika. Njiani kwenda uwanja wa ndege alikuwa akitunga maneno ya kumbembeleza.

"Ungenioza, baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Bila neno lako?"

"Bila neno langu! Ulikuwa hulijui? Miaka sita ulikuwa hujui nitajibu nini?"

"Nilijua." Mzee aliinamisha kichwa. "Ulipokuwa na miaka kumi na saba, ami yako alipomleta yule mfanyabiashara wa Kyela, ulinishika kanzu hapa hapa. Ukaniapisha. Ukasema, 'Baba, sauti yangu usiposikia kwa masikio yako, usinitoe kwa mtu.' Marehemu mama yako alikuwa shahidi. Nimekitunza kiapo hicho miaka kumi na mitano."

Kiapo kilikuwa chake.

"Lakini nisijitie utakatifu," mzee aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu. "Si kiapo tu. Zuber alinisihi. Mimi nikamwambia, 'Kwa nini unakimbizwa? Binti yangu amesema kesho ni thelathini. Binti yangu amesoma mbingu, mwezi wa leo hauwezi kuonekana hata ukipanda Mlima Rungwe. Kamwambie mama yako angoje kesho.' Nilisema kwa kiburi, Naima. Bi Zakia alikuita popo mbele za watu. Alisema mwanamke anayelala mchana akaamka usiku ni popo, si mke. Lile neno lilinikaa kooni. Nikaona hii ndiyo siku ya kumwonyesha elimu ya mwanangu."

"Na nilikuwa sahihi," Naima alisema.

"Ulikuwa sahihi, mwanangu. Ndio maana nilijiamini."

Gauni la kijani lilikuwa katikati ya fundi na binti yake.

* * *

Msibani mtu haulizwi alitaka kuwa nani wa nyumba ile. Naima alijitanda kanga, akaihamishia ile barua mkobani, akavuka mfereji, akaingia kwa kina Zuber kwenye Ramadhani yao.

Wanaume walikuwa wameshalitoa jeneza. Wanawake walijaa kwenye mikeka sebuleni, midomo mikavu ya saumu. Alipopita kuwapa mkono, minong'ono ilifuata nyuma yake, na mmoja wao hakujisumbua kushusha sauti. "Chelewa chelewa," alisema, na mwenzake akamkanyaga mguu asimalize. Wote waliimalizia methali moyoni.

Nahla alikuwa pembeni ya kitanda kitupu, akikunja mashuka ya marehemu. Alikuwa binti mwembamba mwenye mikono mikubwa ya kazi. Hakuwa na hina wala wanja. Bibi harusi wa jana, na kanga aliyovaa ilikuwa bado na doa la dawa. Walitazamana. Naima alikuwa amekuja na chuki aliyoiandaa njia nzima, na alishangaa kuona haina pa kukaa.

"Dada Naima," Nahla alinong'ona, akimsogezea nafasi. "Sikukuibia."

"Najua."

"Niliitwa kutoka jikoni. Nilikuwa nakuna nazi ya uji wake. Ami akasema, nawa mikono. Nikanawa." Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. "Nilimwambia Zuber kabla sijakubali, nikasema, mimi najua wewe ni wa nani."

"Akasemaje?"

"Akalia."

Naima aligeuza uso ukutani. Nahla alingoja, kisha akamsogelea karibu zaidi.

"Kuna neno nadhani ni amana yako. Mama kabla ya alfajiri alizinduka. Aliniuliza, 'Yule popo amefika?' Nikamwambia, bado mama, yuko njiani. Akasema, 'Basi.' Hakusema tena kitu."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Naima aliinama juu ya godoro la yule mama aliyemkataa miaka sita, akaomboleza kama mtoto wa marehemu, na wanawake waliokuwa wakinong'ona waliacha.

* * *

Zuber alirudi kutoka makaburini kanzu yake ikiwa na tope jekundu hadi magotini. Alimwona Naima amesimama nyuma ya nyumba, penye banda la kreti. Kazi yake ilikuwa kukusanya parachichi za wakulima na kuzipanga kwa madaraja kabla lori halijazichukua, na hata siku ya msiba kreti zilikuwa zimepandana pale, matunda mabichi magumu yakimetameta kwa mvua. Alisimama hatua tano kutoka kwake. Zamani hatua tano zingekuwa matusi.

Alikuwa amekonda. Macho yale, ambayo kwenye simu yalikuwa yakimchekea hadi picha inakatika, leo yalikuwa mekundu na hayakujua yatue wapi. Naima aliyatazama, akatamani kumfuta tope usoni, akakumbuka kwamba sasa kuna mwenye haki hiyo.

"Pole na mama," alisema.

"Nishapoa. Pole na safari."

"Nishapoa."

Mtu akipita kwa mbali angedhani ni wageni wawili wanasubiri mvua ikatike.

"Nilikupigia, Naima."

"Niliona. Mara kumi na moja."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala."

"Nilijua umelala!" Sauti ilimkatika. "Ndicho kinachoniua. Nilijua kabisa umelala, nilijua ukiamka utasema ndiyo. Nikarudi kwa mama, nikamwambia, kesho mama. Akanitazama. Alinitazama tu. Na jua lilikuwa pale dirishani, linashuka. Ungefanyaje wewe? Niambie, wewe uliyesoma. Ungefanyaje?"

Naima alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ningefanya ulichofanya," alisema.

Zuber alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika, na Naima alisimama pale pale, mikono ameifungia kwenye kanga, maana akiifungua tu ingekwenda.

"Bora ungenitukana," Zuber alisema.

"Sina hata tusi."

Alisogea hatua moja, kisha akajizuia. "Sikiliza. Halijaharibika lote. Nahla mwenyewe amesema, Naima akija usimwache. Dini inaruhusu, na mimi ninaweza. Nitakujengea kwako, hapa hapa Bulyaga, au Kyimo kule penye kiwanja. Nitagawa sawa, naapa. Siku zako ziwe zako, zake ziwe zake. Uwe mke wangu, Naima. Sijali wa ngapi."

Sitawadanganya. Moyo wa Naima uliruka. Uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na kwa pumzi tatu nzima aliiona nyumba, aliuona mlango, alimwona Zuber akiingia amelowa na mvua. Neno *ndiyo*, lile ambalo jana halikupatikana kwenye simu, lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi.

"Mkataba wako unaisha lini?" Zuber aliuliza kwa matumaini. "Tutapanga. Nishazoea kupanga."

Naima alifungua mkoba, akatoa barua. Zuber aliisoma akiikinga mvua kwa mkono. Aliisoma mara mbili.

"Mbeya?" alisema. "Mhadhiri, Mbeya hapa?"

"Naanza Aprili. Niliitwa Chile, miaka mitatu, darubini kubwa kuliko zote nilizowahi kugusa. Nimewakataa. Zile usiku mbili zilikuwa za kumalizia utafiti, Zuber. Nilikuwa ninaaga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mara ngapi nilikwambia? Mara tatu nilikwambia nimepata kazi karibu, mara tatu ukawatangazia watu, mara tatu ikayeyuka. Ukachekwa. Safari hii nikasema sitamki mpaka niione na muhuri. Muhuri umegongwa wiki iliyopita. Nikasema nitakuwekea mkononi siku ya harusi."

Zuber aliketi juu ya kreti. Parachichi mbili zilidondoka zikabiringika hadi kwenye viatu vya Naima. Aliinama, akaziokota, akazirudisha mahali pake, zote mbili, taratibu.

"Basi ndiyo," Zuber alisema haraka haraka. "Basi si ndiyo hiyo! Umerudi. Saa moja na nusu tu kwa gari. Naima, sema neno moja."

"Unajua kazi yangu nimeifanyaje miaka yote hii?" Naima alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotarajia. "Nimeomba usiku. Naandika maombi kurasa kumi, namweleza mtu nisiyemjua kwa nini nastahili. Kamati inakaa. Wananipa mbili. Mwaka mwingine wananipa moja. Mwaka mwingine wananiandikia pole. Nikipewa, nahesabu saa, nahesabu dakika, naogopa wingu. Asubuhi nampisha mwingine aliyepangiwa baada yangu. Nimezeeka kwa kuomba usiku, Zuber."

"Mimi si kamati."

"Utakuwa. Hata usipotaka. Utakuwa na zamu yake na zamu yangu, na yule binti amemwosha mama yako miezi minne, hana kosa hata la punje. Nitakaa Mbeya nahesabu. Nitaanza kuombea siku zake zipungue." Alitikisa kichwa. "Usiku wa nyota nilikubali kuuomba. Usiku wa mume sitauomba."

"Nakupenda."

"Na mimi. Wala usidhani itaisha."

Alimtazama mara ya mwisho, polepole, kuanzia tope la miguuni hadi kofia iliyolowa, kama mtu anayesoma ukurasa ambao atalazimika kuukumbuka kwa moyo. Kisha akachukua barua yake kutoka mkononi mwake. Vidole vyao viligusana. Zuber hakuachia upesi, na Naima hakuvuta kwa nguvu, na karatasi ilichanika kidogo kwenye kona.

"Mke wako anafunga saumu ya kwanza ya ndoa yake akiwa na msiba," Naima alisema. "Nenda kamsaidie kukunja mashuka."

* * *

Mvua ilikatika dakika chache kabla ya magharibi. Ukitaka kumjua mtu wa Tukuyu, mtazame anavyoshangaa mbingu ikifunguka mwezi wa Februari. Mzee Sadalla alitoka nje na majirani wawili watatu, kama afanyavyo kila mwaka, wakasimama penye mwinuko nyuma ya nyumba wakielekeza macho upande wa milima ya Bundali. Naima aliwafuata bila kuitwa. Alikuwa amevua kanga ya msibani.

Hakuhitaji kutafuta. Alijua utakuwa wapi, kwa digrii na nukta zake. Aliinua uso mara moja tu, na pale juu ya mgongo wa mlima, chini ya ukingo wa wingu, mwezi ulikuwa umekaa, mwembamba, mweupe, hauna aibu.

"Umeuona?" baba yake aliuliza. Macho yake hayakuwa na nguvu tena ya kuona mbali hivyo.

"Nimeuona, baba."

"Allahu Akbar," majirani walisema, wakaanza kushikana mikono na kutakiana mfungo mwema. Mmoja alimpongeza mzee kwamba hesabu ya binti yake haikukosea hata kidogo. Mzee aligeuza macho upande wa mfereji.

Ng'ambo ya mfereji, nyumbani kwa kina Zuber, adhana ya magharibi ilikuwa imeadhiniwa na watu wa msiba walikuwa wakifuturu kwa tende na maji. Wao walikuwa wamemaliza saumu moja. Nyumba ya fundi Sadalla ilikuwa haijaanza. Mwezi mzima ingekuwa hivyo, mfereji mmoja katikati na siku moja ya tofauti, wao mbele, Naima nyuma. Na Aprili angehamia Mbeya, mahali alipopachagua ili awe karibu.

Walirudi barazani. Mzee aliwasha taa, akaliona gauni, akasita.

"Nilifungie wapi hili?" aliuliza.

"Kunja upindo, baba, ulimalize. Kazi yako haijawahi kulala nusu."

"Kwa urefu gani? Hujaniletea viatu."

Naima alitoa viatu kwenye begi, akavivaa, akasimama mbele ya baba yake akiwa amenyooka. Mzee alipiga magoti kwa shida, akapima, akatia alama kwa chaki. Mstari ulinyooka.

"Daku saa kumi," alisema akiwa bado chini. "Nikupigie simu chumbani, au?"

"Usinipigie, baba," Naima alisema. "Njoo ugonge mlango. Gonga mpaka nikujibu kwa sauti yangu."